Filamu fupi za majaribio: mbona hazina stelingi wala mwisho?

Kuna kipande kifupi cha filamu ya nyeusi na nyeupe ambacho watu hawachoki kutumiana kwenye simu. Mwanamume ananoa wembe, anatoka kibarazani, anautazama mwezi. Kisha tunamwona mwanamke ameketi, kope zake zimefunuliwa kwa vidole, wembe unasogea. Wingu jembamba linakatiza mbele ya mwezi. Halafu jicho linapasuliwa, karibu kabisa, machoni petu.

Anayetumiwa kipande hicho huuliza mambo matatu. Je, ni jicho la mtu kweli? Hawa ni Freemason? Na hadithi yenyewe ni ipi? Maswali hayo yanastahili kujibiwa vizuri, kwa sababu nyuma yake kuna aina nzima ya filamu ambayo wengi wetu tunakutana nayo vipande vipande, bila mtu wa kutueleza ni kitu gani.

Majibu mafupi ni haya. Filamu inaitwa Un Chien Andalou. Ilionyeshwa Paris mwaka 1929, nayo ni kazi ya Wahispania wawili: Luis Buñuel na mchoraji Salvador Dalí. Mwenye wembe ni Buñuel mwenyewe. Jicho linalokatwa ni la ndama aliyekwisha kufa. Fedha hazikutoka kwenye chama chochote cha siri, zilitoka kwa mama yake Buñuel. Na hadithi haipo, kwa makusudi kabisa. Hilo la mwisho ndilo linalohitaji maelezo marefu.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Filamu fupi ni filamu yoyote isiyofikia urefu wa kawaida wa sinema. Waandaaji wa tuzo za Oscar, kwa mfano, wameweka mpaka kwenye dakika 40. Ufupi peke yake hauifanyi filamu kuwa ya majaribio. Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, ina kama dakika 20 tu, lakini ni hadithi iliyokamilika: ina mhusika, ana anachokitafuta, na wapo wanaomzuia. Filamu ya majaribio ni ile ambayo mtengenezaji wake ameziweka kando kanuni za kusimulia ili aone mwanga, mwendo, muda na mpangilio wa picha vinaweza kufanya nini vikiachiwa vifanye kazi vyenyewe. Na wasanii wa avangadi ni wale ambao, hasa Ulaya ya miaka ya 1910 na 1920, waliona kanuni za sanaa walizorithi zimechoka na wakaamua kuzivunja hadharani. Wengi wao hawakuwa watu wa sinema. Walikuwa wachoraji, wapiga picha na washairi walioiona kamera wakasema: hiki nacho ni chombo chetu.

Sasa, sisi tumelelewa na picha za stelingi. Tangu kibanda umiza tunajua kwamba stelingi hafi mapema, kwamba adui mkubwa huachwa wa mwisho, na kwamba kila kinachoonyeshwa kina sababu itakayojulikana baadaye. Ni kanuni nzuri na zimetupa raha nyingi. Lakini ukiingia nazo kwenye filamu ya majaribio utangoja kitu ambacho hakiji, na utatoka ukijiona umedhulumiwa.

Fikiria usiku wa taarab asilia Unguja. Kabla mwimbaji hajasimama, kikundi hupiga bashraf: udi, kanuni, fidla, nai, akodiani, dumbaki, bila neno hata moja. Hakuna aliyewahi kumgeukia jirani yake akamuuliza bashraf ile imeishaje, au nani alimwoa nani. Tunafuata sauti inavyopanda, inavyojirudia, inavyoachiana na nyingine, na tunajua vizuri kama imepigwa ovyo au imepigwa na mafundi. Filamu nyingi za majaribio zinaomba kutazamwa hivyo hivyo.

Na waliozianzisha walilisema hilo waziwazi kwenye majina waliyozipa. Mwaka 1921 Walter Ruttmann alionyesha Ujerumani filamu ya maumbo ya rangi yanayovimba na kupigana vikumbo, akaiita Lichtspiel Opus I, kwa hesabu ileile ambayo watunzi wa muziki huhesabia kazi zao. Hans Richter naye akatengeneza Rhythmus 21, ambamo miraba myeupe na myeusi inakua na kusinyaa kwa mapigo. Rafiki yake Viking Eggeling, Msweden aliyefanya kazi Berlin, alihangaika na mistari yake mpaka mwaka 1924 alipokamilisha Symphonie Diagonale, akafariki mwaka uliofuata. Opus, ridhimu, simfonia: watu hawa walikuwa wanatafuta muziki wa macho.

Ili kuelewa walichokuwa wanachezea, inabidi kujua filamu ni kitu gani hasa ukiishika mkononi. Ni ukanda wa plastiki wenye picha ndogo zilizosimama, zinazoitwa fremu. Kwenye ukanda huo hakuna chochote kinachotembea. Projekta huvuta fremu moja mbele ya taa, huisimamisha, huziba mwanga kidogo, huleta nyingine, kwa kawaida mara 24 kwa sekunde moja. Mwendo tunaouona huzaliwa ndani yetu, machoni na ubongoni. Filamu ya hadithi hutaka usahau jambo hilo. Filamu ya majaribio mara nyingi hutaka ulikumbuke.

Tazama alivyofanya Man Ray, mpiga picha Mmarekani aliyeishi Paris. Mwaka 1923 mshairi Tristan Tzara alimtangaza kwenye ratiba ya usiku wa Dada (kundi la wasanii wa avangadi) kwamba ataonyesha filamu, wakati Man Ray alikuwa na vipande vichache tu. Kwa hiyo akaingia kwenye chumba cha giza, akatandaza ukanda ambao haujapigwa picha, akaunyunyizia chumvi na pilipili manga kama mpishi, kwingine akamwaga pini na misumari midogo, akawasha taa kwa sekunde moja au mbili, kisha akausafisha. Kamera haikugusa sehemu hizo. Ukizitazama leo unaona theluji inayochemka, halafu pini nyeupe zinarukaruka kwenye weusi mtupu. Filamu hiyo, Le Retour à la raison, haizidi dakika tatu. Usiku wa maonyesho ukanda ulikatika, kwa kuwa aliuunganisha kwa haraka, na ukumbi ukaishia kwenye vurugu.

Miaka 40 baadaye, Stan Brakhage wa Marekani alifanya jambo la karibu na hilo, ila kwa utulivu wa mtu anayeomboleza. Nondo walikuwa wanakufa kwenye taa zake. Fedha za kununua filamu hakuwa nazo. Akakusanya mabawa ya nondo, majani, petali na mbegu, akavipanga katikati ya kanda mbili angavu za gundi zenye upana wa filamu ya milimita 16, kisha maabara ikamtolea nakala. Hiyo ndiyo Mothlight ya mwaka 1963, isiyofikia dakika tano na isiyo na sauti. Jani refu la nyasi linapita fremu nyingi, kwa hiyo kwenye kioo linaonekana likitetemeka na kupanda. Bawa moja linajaza fremu chache tu, kwa hiyo linamweka na kutoweka. Unaona mishipa ya bawa lile kama uzi wa hariri. Mdudu aliyekufa kwa kuifuata taa anapitishwa tena mbele ya taa, na kwa dakika hizo chache anaruka. Mimi kila nikiiona filamu hii najiuliza inakuwaje mtu aseme haina maana.

Hapa ndipo mahali pa kujibu lile neno linalosemwa sana: "Hata mtoto anaweza." Mwaka 1960 Peter Kubelka wa Austria alimaliza filamu iitwayo Arnulf Rainer, ambayo ndani yake mna fremu nyeupe na fremu nyeusi tu, pamoja na kelele na ukimya. Hakuna picha nyingine yoyote. Anayesikia hivyo hucheka. Lakini filamu hiyo ina fremu 9,216, yaani 24 mara 24 mara 16, na kila moja ilipangiwa nafasi yake kwa hesabu kabla ya kukatwa na kuunganishwa. Dakika sita na nusu hizo ni ngumi za mwanga zenye mpangilio mkali kuliko filamu nyingi za mapigano. Unaweza usiipende, wengi hawaipendi. Ila uvivu haumo. (Na tahadhari ya kweli: mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga wa kumwekamweka asiziguse filamu za aina hii.)

Turudi kwa Buñuel na Dalí, kwa sababu kesi yao ni tofauti. Wao hawakuchezea maumbo. Walichukua watu, vyumba na mitaa, vitu vya filamu ya kawaida kabisa, wakavifunga kwa mantiki ya ndoto. Buñuel alikuwa ameota wingu likiukata mwezi kama wembe unavyokata jicho. Dalí alikuwa ameota mkono uliojaa siafu. Wakakaa wakaandika kwa sharti moja, kwamba wazo lolote linaloweza kuelezeka kwa akili ya kawaida litupwe. Hata maandishi ya kwenye filamu yanamchezea mtazamaji: yanaanza na "Hapo zamani za kale", baadaye "Miaka minane baadaye", kana kwamba kuna kisa kinachoendelea, lakini hakuna kilichobadilika. Walikuwa kizazi kilichotoka kwenye Vita Kuu ya Kwanza, ambamo mataifa yaliyojisifu kwa akili na utaratibu yalichinjana kwa mamilioni. Kuishuku akili ya kawaida haukuwa utundu wa vijana wasio na kazi.

Tazama pia jinsi ile picha ya jicho ilivyojengwa, maana humo mna somo zima la uhariri. Uso wa mwanamke, wembe, mwezi, wingu, halafu jicho kwa karibu. Uso wa yule mwanamke haukatwi popote. Ni sisi tunaobeba uso ule kutoka picha moja hadi nyingine na kuubandika kwenye jicho la ndama. Wingu lililopita mbele ya mwezi limekwisha kututayarisha, na mwili unasisimka kabla akili haijauliza kitu. Buñuel alisimulia kwamba siku ya kwanza alijaza mawe mifukoni ili awarushie watazamaji kama wangemshambulia. Hawakumshambulia, walishangilia, na filamu ikaonyeshwa kwa miezi minane Studio 28, sinema ndogo ya mtaa wa Montmartre, Paris.

Kuhusu chama cha siri, hofu hiyo haikuanza na simu zetu. Mwaka 1928 Germaine Dulac, mmoja wa wanawake wa mwanzo kuongoza filamu za aina hii, alionyesha Paris La Coquille et le clergyman, ndoto ya kasisi anayeteswa na tamaa. Wakaguzi wa filamu wa Uingereza waliikataa kwa maelezo kwamba imefumbwa kiasi cha kukaribia kukosa maana, na kwamba kama ina maana, basi bila shaka maana hiyo haifai. Soma tena sababu hiyo. Hawakuona kosa lolote la kulitaja. Walichokiona ni kitu wasichokielewa, wakahitimisha kwamba lazima kinaficha uovu. Anayeona pembetatu au jicho moja kwenye filamu na kutangaza ushetani anapita njia hiyohiyo. Jicho, kioo, ufunguo, kisu, ngazi: vitu hivi vimejaa kwenye filamu za majaribio kwa sababu vimejaa kwenye ndoto na majumbani.

Na hakuna filamu inayoonyesha hilo vizuri kuliko Meshes of the Afternoon. Kama utatazama moja tu baada ya kusoma hapa, tazama hii. Ina dakika 14. Maya Deren, aliyezaliwa Kiev mwaka 1917 na kukulia Marekani, aliitengeneza mwaka 1943 na mumewe Alexander Hammid, nyumbani kwao Los Angeles, kwa kamera ndogo ya milimita 16 na kwa dola mia chache. Waigizaji ni wao wenyewe.

Mwanamke anaokota ua barabarani. Mbele yake mtu anapotea kwenye kona. Anapanda ngazi, anatoa ufunguo, unamponyoka na kudunda kwenye vidato. Ndani kuna mkate na kisu mezani, simu ambayo mkono wake umeachwa nje, santuri inayozunguka bila mtu. Anapanda juu, anaketi kwenye kiti karibu na dirisha, analala. Mpaka hapo hakuna la ajabu. Kisha yote yanajirudia ndani ya usingizi wake, na kila yanaporudi kuna kilichohama. Mtu aliyepotea kwenye kona sasa ni umbo lililovaa nguo nyeusi, na mahali pa uso pana kioo. Mwanamke anamkimbilia, yule anatembea tu, lakini hamfikii. Kisu kinakutwa pasipo mahali pake. Mwanamke anatazama dirishani na kujiona mwenyewe akija, mpaka wanakuwa watatu, mtu yuleyule, wameketi meza moja na kupeana zamu ya kushika ufunguo, ambao kiganjani unageuka kisu.

Halafu inakuja ile sehemu ambayo wanafunzi wa filamu hurudia mara kwa mara. Mmoja wa wale watatu anainuka na kisu kumwendea yule aliyelala. Ni hatua chache tu za kuvuka chumba. Deren anazionyesha kwa karibu, mguu tu: hatua moja inatua kwenye mchanga wa pwani, nyingine kwenye majani, nyingine kwenye njia ya saruji, ya mwisho kwenye zulia. Hakuna mashine iliyotumika, ni mkasi na gundi. Lakini umbali wa chumba kimoja umekuwa umbali wa dunia nzima, na Deren mwenyewe aliandika baadaye kwamba ndicho alichokusudia: mtu husafiri mbali sana, tangu mwanzo wa wakati, kabla ya kuinua mkono kujiua. Jaribu kulisema jambo hilo kwa mazungumzo ya waigizaji wawili sebuleni uone litachukua dakika ngapi, na kama litauma hivyo.

Deren alikuwa pia na jibu kwa wanaodhani filamu ni fedha. Inasemwa alikuwa akisema kwamba anatengeneza filamu zake kwa kiasi ambacho Hollywood inatumia kwenye rangi ya midomo. Mwaka 1946 alikodi ukumbi mdogo wa Provincetown Playhouse, New York, akazionyesha mwenyewe. Mwaka uliofuata Amos na Marcia Vogel wakaanzisha klabu ya Cinema 16 mjini humo, ambayo ilikuja kuwa na maelfu ya wanachama waliolipa ada ili kutazama filamu zisizoingia kwenye majumba ya kawaida. Hili husahauliwa: filamu hizi ziliishi kwa sababu watu walikodi viti na kuvipanga.

Lipo dai jingine, kwamba haya ni mambo ya Wazungu wenye muda. Ni kweli zilianzia Ulaya na Marekani. Lakini hazikubaki huko, na Afrika imo ndani yake kwa njia zaidi ya moja. Yuleyule Kubelka aliajiriwa na Waaustria wenye fedha awapigie picha safari yao ya kuwinda Sudan mwaka 1961, wapate ukumbusho. Alikaa na picha na sauti zile kwa miaka, akatoa Unsere Afrikareise mwaka 1966, dakika 12 na nusu ambamo vicheko vya wawindaji vimebandikwa juu ya wanyama wanaokufa na nyuso za Waafrika wanaotazamwa kama nao ni mawindo. Hakuna msimulizi anayelaani. Ukataji wenyewe unalaani.

Msanii William Kentridge wa Johannesburg tangu mwaka 1989 huchora kwa mkaa, hupiga fremu chache, hufuta kidogo, huchora tena kwenye karatasi ileile, na alama za vilivyofutwa hubaki zikionekana. Kwa nchi iliyotakiwa kusahau ubaguzi wa rangi haraka, ufundi huo unasema mengi kuliko hotuba. Baloji, mwanamuziki aliyezaliwa Lubumbashi, Kongo, alitoa mwaka 2019 Zombies, filamu ya takribani robo saa inayopita kwenye saluni na mitaa ya Kinshasa kwa muziki, mavazi na watu waliotekwa na simu zao. Ukiifuata kama kisa utapotea. Ukiifuata kama wimbo haikuachi.

Kuna na kundi la Paris la mwaka 1968 lililojiita Zanzibar. Vijana kina Philippe Garrel, Jackie Raynal na Serge Bard walitengeneza filamu kwa fedha za Sylvina Boissonnas, binti wa familia tajiri, na jina walilichukua kwa kuvutiwa na visiwa vilivyokuwa vimetoka kwenye Mapinduzi miaka minne kabla. Ukikutana na neno "filamu za Zanzibar" kwenye maandishi ya Kifaransa, usidhani ni picha za Unguja. Nyingi ni ndefu, na visiwa vyetu havionekani humo.

Kama unataka kuanza, anza na fupi kabisa: Mothlight, kisha Meshes of the Afternoon, kisha Un Chien Andalou nzima, siyo kile kipande cha jicho peke yake. Tazama kila moja mara mbili kabla ya kusoma maelezo ya mtu mwingine. Mara ya kwanza acha ipite. Mara ya pili angalia kinachojirudia na kilichohama. Angalia pia sauti, maana nakala nyingi za mtandaoni zimewekewa muziki na watu wasiohusika. Meshes ilikuwa bubu mwaka 1943. Muziki wa Teiji Ito, mume wa baadaye wa Deren, uliongezwa katika miaka ya 1950. Un Chien Andalou nayo ilionyeshwa mara ya kwanza kwa santuri, Buñuel akibadilisha muziki wa dansi ya tango na ule wa Wagner, mtunzi wa Ujerumani, nyuma ya pazia. Mothlight haina sauti yoyote, kwa hiyo ukisikia piano juu yake, zima.